Kutu Katika Tumbo la Motokari

Watu wengi wakitazama motokari ya zamani huchunguza rangi yake na milango yake. Wakiona kutu pembeni mwa mlango, husikitika. Lakini kutu ya mlangoni haijamlaza mtu njiani. Kutu ya kuogopwa ni ile isiyoonekana, ikaayo mahali panapopita maji ya kupozea injini.

Sisi tunaotunza motokari ya misioni twalijua jambo hili. Gari letu ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1984. Hubeba saruji na maharagwe, hubeba katekista na vitabu vyake. Na usiku hubeba mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu mbali na hospitali. Kwa ajili ya mama huyo hatuwezi kusema: «Ni gari kuukuu, na liende hivyo hivyo.»

Basi tuanze na chanzo. Mwili wa injini ni chuma cha kusubu, na chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu. Maji ya mto au ya ziwa yana hewa ndani yake, tena yana chumvi. Kutu hubanduka, huzunguka na maji, kisha hutua kama tope chini ya injini na katika vijibomba vyembamba vya rejeta. Vijibomba vikiziba, joto halina pa kutokea.

Huku milimani hatari huzidi. Pwani ya bahari maji huchemka kwenye digrii 100. Lakini kando ya Ziwa Kivu, lililo juu ya bahari kwa meta 1,460 hivi, huchemka kwenye digrii 95 tu. Kifuniko kizima cha rejeta huyabana maji yasichemke upesi. Kikilegea, msaada huo umepotea. Hapo apandaye milima ya Ngomo kutoka Kamanyola na mzigo mzito ataona mvuke kabla ya kufika juu. Akijikaza kuendelea, kichwa cha injini hupinda, na parokia hulipa gharama kubwa.

Dalili ni maji yenye rangi ya matofali. Yatazameni injini ikiwa imepoa, kwa maana mvuke wa rejeta ya moto huunguza uso na macho. Yakiwa mekundu, yamwageni katika chombo, toeni thamostati, kisha pitisheni maji safi kinyume cha mwendo wa kawaida, yaani kutoka chini ya rejeta kwenda juu, bila nguvu nyingi, mpaka yatoke meupe. Baada ya hapo tieni unga wa asidi ya limau uliokorogwa katika maji, washeni injini mpaka ipate moto, izimeni, na ikipoa yamwageni. Suuzeni mara nyingi, kwani asidi ikibaki itakula chuma chenyewe. Kama sehemu ya rejeta ingali baridi huku nyingine ni ya moto, mpelekeeni fundi aifungue, asugue vijibomba na kulehemu upya.

Wengine huitupa thamostati wakidhani wameisaidia injini. Sivyo. Injini ifanyayo kazi ikiwa baridi huchakaa upesi na kula mafuta mengi. Irudisheni mahali pake, au nunueni mpya.

Mwishoni msijaze maji matupu. Changanyeni nusu maji yaliyotoneshwa na nusu dawa ya kupozea injini. Mtu atauliza: «Nchi yetu haina barafu, dawa hiyo ya nini?» Dawa hiyo huzuia kutu, tena huchelewesha kuchemka. Ile ya aina ya zamani hubadilishwa kila miaka miwili. Lakini angalieni: ni tamu ulimini, nayo ni sumu iuayo. Isimwagwe mferejini, wala isiwekwe katika chupa ambayo mtoto aweza kuinywa.

Twajua neno ambalo wengi hulisema: kutu ikiondolewa, tundu lililokuwa limezibwa nayo hufunuka, na rejeta huanza kuvuja, kwa hiyo heri kutoigusa. Ni kweli kwamba tundu huweza kufunuka. Lakini kutu haikuliponya tundu hilo, bali imelificha tu. Lionekanalo mchana, karakanani, penye fundi na vyombo, huzibwa kwa kazi ya siku moja. Lifungukalo usiku kilimani, huku mama analia nyuma ya gari, nani ataliziba?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 24, alinena juu ya sufuria yenye kutu ndani yake, akaifananisha na mji uliokataa kutakaswa. Kutu ya rohoni nayo hukaa ndani, nasi huogopa kitubio kwa kuwa chafunua matundu tuliyozoea kuyaficha. Basi enyi baba wa nyumba, madereva na wanafunzi wa ufundi, wiki hii fungueni kifuniko, injini ikiwa baridi, mtazame rangi ya maji. Na Jumamosi jioni, kabla ya Misa ya Dominika, kila mtu na atazame pia ndani yake mwenyewe.