Zaidi ya Saba Si Kuanzia Saba

Tangu mwaka jana, mara mbili kwa juma, ninawasaidia wanafunzi watatu wa Kijapani katika maswali ya hesabu na ya Kiingereza. Wao wako Nagoya, mimi niko Lubumbashi. Kwao inapokuwa saa mbili usiku, huku ni saa saba mchana, nami nimetoka darasani hivi punde. Kazi hii nilipewa na yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekwenda Japani kusoma akabaki huko kufundisha katika juku, yaani shule binafsi za jioni ambako vijana wengi wa Kijapani huongeza masomo baada ya shule ya mchana. Alikuwa na wanafunzi wanaotaka kusomea ng'ambo, ambao wanapaswa kufanya hesabu kwa Kiingereza, na muda wa kujibu maswali yao yote hakuwa nao. Mimi nilimaliza sekondari katika math-fizikia kabla ya kuingia katika isimu, na Kiingereza nimekizoea. Malipo ni madogo, lakini yananunua mega na kulipia fotokopi.

Ninayaandika haya katika jarida letu kwa sababu ya swali ambalo wengi wetu tunaosoma lugha za Kiafrika tunaulizwa nyumbani. Baba mdogo, ambaye ndiye anayenilipia masomo, huniuliza kila mwaka unapoanza: "Mwanangu, hizo lugha si unazijua tayari? Zitakulisha nini?" Nimekuwa nikimjibu kwa maneno makubwa: utambulisho, urithi, utamaduni. Ananisikiliza kwa heshima, kisha anarudia swali lake. Jibu lililo bora zaidi nilikuja kulipata katika maswali ya wanafunzi wa Nagoya.

Chukua swali hili. Katika mfuko mna kadi 10 zenye namba 1 hadi 10. Unatoa kadi moja bila kutazama. Je, kuna uwezekano gani kwamba namba yake ni "more than 7"? Msichana aliyeniletea swali hilo yuko darasa la mwisho la sekondari, na katika uwezekano ana kasi kunishinda. Alikuwa amepata 4 juu ya 10. Kitabu kilisema 3 juu ya 10. Alirudia hesabu mara tatu, akaanza kuamini kwamba akili yake ya hesabu imechoka.

Hesabu yake ilikuwa safi. Kilichomponza ni neno moja, ijō. Mjapani akitaka kusema juu ya kiasi fulani, ijō ndilo neno linalomjia kwanza, na watoto wengi hulifanya tafsiri ya "more than". Lakini ijō linajumuisha namba yenyewe. Ukisema "7 ijō", 7 imo ndani. Kwa Kiingereza, "more than 7" inaiacha 7 nje ya mlango. Kwa hiyo yeye alihesabu 7, 8, 9 na 10, na kitabu kilihesabu 8, 9 na 10.

Kumwambia tu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo kungemaliza swali hilo moja na kuyaacha mengine kumi yakimngoja. Nilichukua karatasi nikaandika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinazitenga hali hizo nne vizuri: isiyopungua saba, zaidi ya saba, isiyozidi saba, pungufu ya saba. Isiyopungua saba inaweza kuwa saba yenyewe. Kitu ambacho hakikupungua kinaweza kuwa kimebaki palepale. Zaidi ya saba lazima iipite saba. Kisha nikamwomba aweke neno la Kijapani mbele ya kila moja. Akaandika: ijō, koeru, ika, miman. Ukamilifu ule ulimshangaza. Kijapani chake kilikuwa nazo zote nne siku zote. Koeru, yaani kuzidi, ndilo alilokuwa hajawahi kulioanisha na "more than". Mwishoni tukaongeza safu ya Kiingereza. Kiswahili kilisimama katikati kama mkalimani ambaye hana upande.

Baada ya siku hiyo nikaanza kuweka daftari la mahali ambapo lugha zinaachana njia. Sehemu, kwa mfano. Tunapoandika 3 juu ya 4, Mfaransa na Mwingereza hutaja tatu kwanza. Mjapani husema yon bun no san: katika sehemu nne, tatu. Anaanza na namba ya chini, na mkono wake pia huandika namba ya chini kwanza. Mvulana mmoja kati ya wale watatu alikuwa akisomewa sehemu kwa Kiingereza na kuziandika kichwa chini. Nilimwambia kwamba sisi pia tunasema "robo tatu" na "theluthi mbili": robo kwanza, idadi baadaye. Sababu ni tofauti. Kwetu jina hutangulia namba yake, kama katika watu watatu au miti miwili; kwao ni muundo wa kumiliki. Lakini alipojua kwamba kuna watu wengine duniani wanaotaja robo kabla ya tatu, aliacha kuliona jambo hilo kuwa kasoro yake, akaliona kuwa utaratibu wa lugha yake. Tangu hapo husikiliza Kiingereza hadi mwisho ndipo aandike.

Kuna pia namba kubwa. Kijapani kina neno man kwa elfu kumi, na huhesabu kwa kupanda ngazi ya tarakimu nne nne. 350,000 kwao ni man thelathini na tano. Kiingereza hupanda kwa tarakimu tatu tatu. Mwanafunzi anayesikia namba hiyo kwa Kiingereza hana budi kuivunja na kuijenga upya kichwani, na saa ya mtihani haimngoji. Kiswahili cha pwani kina laki, ambayo ni elfu mia, kwa hiyo namba hiyohiyo ni laki tatu na nusu. Kwa upande wetu, tunaohesabu kwa Kifaransa cha Kongo, tunajua raha ya kusema septante na nonante, tukiwahurumia watoto wa Ufaransa wanaopitia sitini-na-kumi ili wafike sabini. Kila lugha ina mahali inapombebesha mtoto mzigo, na mahali inapompokea.

Hata alama za kimyakimya zina lugha yake. Katika daftari la Japani duara jekundu maana yake ni sahihi, na ile alama ya vema tunayoitamani sisi inaweza kumaanisha kosa. Mkato katika 1,500 kwao hutenganisha maelfu. Kwetu, kwa desturi ya Kifaransa, ni moja na nusu. Sifuri kwao haimo katika namba asilia. Sisi tulifundishwa kwamba imo. Kabla ya kusahihisha lolote, mimi na wanafunzi tuliafikiana juu ya mambo haya, na karatasi ya makubaliano hayo bado iko ukutani mwangu.

Kwa Kiingereza chenyewe, msaada wa Kiswahili ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Muulize Mjapani kwa Kiingereza kama hajala. Kama kweli hajala, atakujibu "yes". Walimu wengi huliita kosa la uzembe. Lakini sikiliza nyumbani kwenu: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Anayejibu hivyo anakubaliana na maneno ya muulizaji: ndivyo, umesema kweli. Kijapani hufanya vivyo hivyo kwa neno hai. Kiingereza hakiyajali maneno ya muulizaji. Hutazama tendo lenyewe: kama hakuna kula, jibu ni "no". Nilipowaeleza kwa mfano wa Kiswahili, wote watatu walicheka, kwa sababu walijiona wenyewe katika kinywa cha watu wa mbali. Kanuni walioandika ni fupi: Kiingereza hujibu tendo, Kijapani na Kiswahili hujibu mtu.

Vivyo hivyo kwa "a" na "the". Kijapani hakina viambishi hivyo, wala sisi hatuna. Lakini katika hadithi za Kijapani, mzee anapotokea kwa mara ya kwanza huja na kijineno ga, na akishajulikana hufuatwa na wa. Kwetu tunasema "palikuwa na mzee", kisha "mzee yule". Tena tuna kiambishi cha mtendwa: "nimeona kitabu" ni kitabu chochote, "nimekiona kitabu" ni kile tunachokijua wote wawili. Mwanafunzi aliyekuwa akitupa "the" kama anayetupa chumvi kwenye mboga sasa hujiuliza kwanza: huyu mzee tumekwisha kutana naye, au ndiyo anaingia?

Msomaji anaweza kuniambia: vizuri, umewasaidia Wajapani, na sisi je? Swali hilo ndilo lililonikaa zaidi. Wanafunzi wangu wanahangaika na hesabu pale tu wanapoifanya kwa Kiingereza. Kwao wenyewe wanasoma hesabu kwa Kijapani tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Hilo lilifanyiwa kazi na watu. Chama cha wanahisabati kilianzishwa Tokyo mwaka 1877, na katika miaka ya 1880 wanachama wake walikaa vikao wakichagua maneno. Ndiyo maana mtoto wa Nagoya akisikia nitōhen sankakkei anasikia ndani yake "mbili, sawa, upande, tatu, pembe, umbo". Neno lenyewe linamfundisha. Mtoto wa Katuba au Kenya hapa Lubumbashi akisikia "triangle isocèle" hasikii kitu, lazima akariri. Ndugu zetu wa Tanzania wana pembetatu, mraba na msambamba katika shule za msingi. Sheria yetu ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitaja lugha za taifa na za mazingira kuwa za kufundishia na kuwa somo. Vitabu vya hesabu ninavyoviona mikononi mwa watoto wa mtaa wetu viko kwa Kifaransa.

Watoto hao wameanza kuja kwenye meza yangu, kwa sababu wameona taa na karatasi. Mmoja, wa darasa la nne, alileta swali hili: Kalala ana maembe 12, "cinq de plus que" Ilunga, Ilunga ana mangapi? Akasema 17. Alikuwa amesikia "plus", na "plus" alifundishwa kwamba ni kujumlisha. Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Kalala ana maembe 12. Anamzidi Ilunga maembe matano. Ilunga ana mangapi?" Akajibu saba kabla sijafunga mdomo. Kitenzi kuzidi kinasema waziwazi nani yuko juu na nani yuko chini. Kile kiambishi -m- kinamwonyesha Ilunga kwa kidole. Mtoto alikuwa na hesabu. Alikosa mlango.

Baba mdogo anauza mahindi kwa magunia. Nilipomweleza tofauti ya "isiyopungua kilo 50" na "zaidi ya kilo 50", hakuhitaji mchoro. Alisema, "Hilo ndilo tunalogombania na wanunuzi kila siku." Swali la mtoto na maembe nalo lilimfanya anyamaze kidogo, kisha akataka kujua ni nani shuleni anayefanya kazi hiyo ya kuyaangalia maneno ya hesabu. Nilimwambia kwamba, kwa kadiri ninavyoona karibu nasi, mlango uko wazi.

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, kazi yangu ya kumaliza masomo itahusu jambo hili: maneno ya kulinganisha katika maswali ya hesabu ya shule ya msingi, kwa Kifaransa cha vitabu na kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nahitaji maswali, na si yale mazuri tu. Mwenye mdogo wake nyumbani aniletee daftari lake la hesabu, hasa ukurasa wenye wino mwekundu mwingi. Wenzetu wa Kiluba, Kisanga na Kibemba waniandikie jinsi lugha zao zinavyosema "isiyopungua" na "anamzidi". Niko maktaba kila Jumatano kuanzia saa nne asubuhi, na kuanzia saa nne maana yake ni kwamba saa nne yenyewe nimo.