Nyonga Isiyo na Kadi

Nimezaliwa Tanga, nikasomea uuguzi Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1994 hadi nilipostaafu mwaka 2022 kazi yangu ilikuwa moja: kusimama thieta ng'ambo ya meza, nikimpa daktari bingwa wa mifupa vyombo kabla hajavitaja. Nyonga za bandia nimezihudumia nyingi. Zilizonifunza kazi ni zile zilizorudi.

Mwaka 2004 nilikwenda Uingereza, nikaajiriwa katika jimbo la Lancashire. Si mbali na hapo ipo hospitali ya Wrightington, alikofanyia kazi John Charnley, bingwa aliyeipa dunia nyonga ya kisasa: shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, kichwa kidogo cha chuma juu yake, na kikombe cha plastiki kwenye fupanyonga, vyote vikishikwa kwa saruji ya mifupa. Vikombe vyake vya mwanzo vilikuwa vya Teflon. Vililika ndani ya miaka michache, ikambidi awarudishe wagonjwa wengi mezani na kuwafungua upya. Ndipo Novemba 1962 akageukia polithini ngumu. Wauguzi wa huko walitusimulia habari hiyo sisi wageni ili tujue tangu siku ya kwanza kwamba kiungo hiki ni kitu cha kutumika, na cha kutumika hulika.

Niliyashika hayo kwa mikono yangu. Siku moja daktari alinikabidhi kikombe alichokitoa kwa mgonjwa: kimechimbika upande mmoja, kama kinu kikuukuu. Plastiki iliyopungua pale haikupotea. Ilikuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, likaenea kukizunguka kiungo. Chembe za kinga za mwili hulimeza vumbi hilo zisiweze kulisaga, na katika kuhangaika nalo hutoa kemikali zinazoziamsha chembe zinazokula mfupa. Mfupa ukishatoboka, saruji hukosa pa kushika, na shina hucheza kama jino la mtoto. Mgonjwa anaweza asihisi chochote kwa miaka. Maumivu humjia mfupa ukiwa umekwisha. Picha ya eksirei ingeonesha mapema, lakini asiyeumwa haendi hospitali.

Zikaja nyonga ambazo kichwa ni chuma na kikombe ni chuma, zikasifiwa kuwa zitadumu kwa vijana. Nazo zililika, zikamwaga kobalti na kromi. Tulipowafungua wagonjwa wale tulikuta majimaji ya kijivu na nyama iliyokufa. Agosti 2010 aina moja iliondolewa sokoni duniani kote. Uingereza na Wales walikuwa na daftari la taifa la viungo tangu mwaka 2003, na kila kiungo kilichoandikwa humo kina namba yake. Wagonjwa wakaandikiwa barua, wakaitwa, wakapimwa damu na kupigwa picha. Karatasi iliwafikia kabla ya maumivu.

Mwaka 2015 nilirudi nyumbani. Nilikuta vijana wa miaka ishirini na kitu wanaobadilishiwa nyonga kwa sababu selimundu imekiua kichwa cha mfupa wa paja. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet zinasema nyonga kama 58 katika kila 100 hufikisha miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo ni habari njema. Kijana wa miaka 25 ajue mapema kwamba huenda akarudi mezani, pengine zaidi ya mara moja.

Nilimkuta pia bibi mmoja wa Pangani ambaye nyonga yake iliteguka wiki ya tano. Karatasi aliyopewa ilimkataza kukaa kwenye kiti kifupi, kwa kuwa magoti yakipanda juu ya nyonga kichwa huweza kuchomoka. Nilimwamkia, nikamuuliza alikuwa amekaa wapi. "Kwenye mbuzi, mwanangu, nakuna nazi. Mbuzi si kiti." Alisema kweli. Iliteguka mara tatu, mwishowe akafunguliwa tena na kikombe kikawekwa upya. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa niliyemuaga nilimtajia kwa jina mbuzi, kigoda, mkeka na choo cha kuchuchumaa. Nilimsisitizia pia kwamba kidonda kinachotoa maji akirudishe hospitali siku ileile. Vijidudu vikishajenga utando juu ya chuma, dawa peke yake mara nyingi haziving'oi. Huenda kiungo kizima kikatolewa, na kipya kikasubiri wiki kadhaa.

Lakini anayenirudia usiku ni mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji India. Alikuja anachechemea, picha ikaonesha kikombe kimelika, shina limeshika vizuri. Kilichotakiwa ni kubadilisha kichwa na plastiki ya ndani, basi. Daktari akauliza ni aina gani, kwa sababu kichwa cha kampuni moja hakikai salama kwenye shina la kampuni nyingine.

"Makaratasi niliyaweka sandukuni, sista," mzee alisema. "Mchwa wameyala."

Tuliandika barua pepe, tukapiga simu, tukalinganisha picha na vitabu. Hatukupata jibu. Ikabidi shina lile zima ling'olewe. Daktari alipasua mfupa wa paja kwa msumeno, akalitoa kwa patasi kidogo kidogo, kisha tukaufunga mfupa kwa waya. Kazi ilichukua saa tano. Mzee alipona, ila fimbo hakuiacha tena.

Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba ile karatasi ni sehemu ya nyonga. Nami nimo katika kosa hili. Kila boksi la kiungo huja na stika zenye jina, saizi na namba. Miaka yangu ya mwanzo, kabla ya kwenda Uingereza, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi tulizitupa pamoja na maboksi, na mikono iliyozitupa mara nyingi ilikuwa yangu. Wako watu wanaotembea leo na viungo ambavyo mimi niliwapotezea majina yake.

Baada ya mzee yule nilinunua kaunta buku kwa fedha yangu. Stika ya kwanza nilibandika kwenye faili, ya pili kwenye kaunta buku, ya tatu nikamkabidhi mgonjwa mkononi mbele ya ndugu yake. Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo mwaka 2005, kwa hiyo nchi isiyo tajiri inaweza.

Kama nyumbani kwako yupo mtu mwenye nyonga ya bandia, muombe leo akuoneshe kadi yake, yaani ile karatasi yenye stika ya kiungo. Ipige picha kwa simu, uitumie kwa watoto, kisha uiweke pamoja na hati ya shamba. Kama hakupewa, rudini hospitali mkaidai wakati faili lingalipo. Na mpeleke akapigwe eksirei kila daktari anapopanga, hata kama anatembea vizuri.