Umande wa Tumbaku

Huko Kaisho, wilayani Kyerwa, nyuma ya migomba ya bibi mmoja ilikuwako miche michache ya tumbaku. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, alimtuma mjukuu wake kuchuma majani. Mtoto alirudi ameyakumbatia, shati limelowa kifuani. Haikupata kufika saa nne naye alikuwa akitapika, uso umempauka, jasho la baridi likimtiririka, miguu haiwezi kumchukua.

Mama yake hakuuliza alikotoka. Alimtazama mavyaa yake. "Mama, umemfanya nini mtoto?" Neno lilikuwa dogo; lakini katika nchi ambamo macho mekundu ya mwanamke mzee yamepata kuhesabiwa kuwa ushahidi wa uchawi, neno dogo huweza kumwua mtu. Bibi hakujibu. Aliutua mtemba wake chini.

Katika zahanati tabibu aliinusa mikono ya mtoto, akauliza habari za majani, akaamuru shati livuliwe na mwili uoshwe kwa sabuni. Nikotini huyeyuka katika maji ya umande ikapenya ngozi. Ikisha kuingia damuni huyafikia mafundo ya mishipa ya fahamu, yaitwayo gangilia, vituo vya kupokezana amri ziendazo moyoni, tumboni na penginepo pasipongoja ruhusa ya mtu. Kwanza huyachochea, ikizidi, huyaziba. Kuziba huko kulionyeshwa Cambridge mwaka 1889 na Langley na Dickinson, waliopaka nikotini juu ya fundo la mnyama. Mshipa uliposhtuliwa kabla ya fundo, amri ilikoma hapo; uliposhtuliwa baada yake, kiungo kiliitika kama desturi. Mwaka 1948 Paton na Zaimis walieleza habari za heksamethoniamu, izibayo bila kuchochea, nayo ikatumiwa kutuliza shinikizo kubwa la damu. Lakini haikuchagua la kuziba na la kuacha: mgonjwa aliposimama alizirai, kinywa kilimkauka, choo kilimfunga. Dawa nyingine zilichukua mahali pake.

Elimu hii, kwa bahati mbaya, imeandikwa kwa lugha ambayo bibi yule hakuisoma. Tabibu alimwambia mkwe kwa ufupi: "Ni sumu ya jani, dada, si ya mtu."

Kesho yake mtoto aliomba ndizi. Mama yake alizipika, akapeleka bakuli la kwanza kwa mavyaa, akapiga magoti, hakusema neno. Bibi alipokea. Miche haikung'olewa, ila majani sasa huchumwa jua likisha kukausha umande, na bibi huyachuma kwa mkono wake mwenyewe.