Chapati ya Usipa

Mimi si mtu wa kula hotelini. Nimekulia Kyela, ambako mgeni akifika moto huwashwa hata kama jiko limekwisha poa, na kumpeleka mgeni wako akale stendi ni sawa na kumtangazia kwamba mkeo ni mvivu. Kwa hiyo msomaji ataelewa kuwa mambo hayakuwa sawa siku ile ya Julai 2019, nilipompokea mtoto wa marehemu kaka yangu akitokea Marekani, nikampeleka moja kwa moja kwa mama lishe jirani na stendi ya mabasi.

Nilikuwa na hasira naye. Baba yake alifariki mwaka 2016, naye hakuja kumzika. Kwetu mazishi si jambo la kutuma pesa. Alizituma, tena nyingi. Zikanunua ng'ombe na mchele, watu wakala wakashiba, huku wakiuliza mtoto wa marehemu yuko wapi. Mimi ndiye niliyewajibu, na niliendelea kujibu kwa miaka mitatu. Nilitaka tuyamalize kabla hajafika mbele ya mama yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa hapo."

Tukaletewa wali, maharage, usipa wa kukaanga, kachumbari, na chapati mbili ambazo sikuziagiza. Nilipokuwa bado natafuta pa kuanzia, mwenzangu akatwaa chapati, akapanga usipa juu yake, akatia kachumbari, akakamulia ndimu na kuongeza pilipili, kisha akaikunja na kuila kwa mikono miwili, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku. Nikamuuliza huo ni ulaji wa wapi.

Akalitaja jina lake. Sitaliandika hapa, maana kwa Kiswahili linasikika kama kiungo cha mwili ambacho mtu hakitaji mbele ya baba yake mdogo. Mama lishe alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mimi nikatazama barabarani.

Kumbe huko Los Angeles alikuwa anaosha vyombo katika mgahawa mdogo, wa watu kuagiza dirishani na kukaa popote. Mwenye mgahawa Mkorea, wapishi Wameksiko. Mbavu za ng'ombe hulowekwa katika sosi ya soya, sukari na vitunguu saumu, huchomwa, kisha huwekwa katika mkate mwembamba wa mahindi wa Kimeksiko pamoja na kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili. Chakula hicho kilipata jina kubwa kuanzia mwaka 2008, wakati mpishi Roy Choi, mzaliwa wa Seoul, na wenzake walipoanza kukiuza katika gari liitwalo Kogi, likizunguka mitaa ya mji ule usiku.

"Kinalika?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza nilikila huku nalia, baba mdogo."

"Pilipili?"

"Hapana. Ndiyo siku mliyonipigia simu."

Akaniambia mpishi mmoja, mama wa Kimeksiko, alimkalisha juu ya kreti la soda, akamwekea chakula mkononi na kusimama pale mpaka akamaliza. Mama yule naye alikuwa amemzika mamaye kwa simu. Karatasi zao hazikuwa sawa, atokaye harudi. "Nami nisingerudi," akasema, "ada za wadogo zangu angelipa nani?"

Ada hizo nilizijua. Stakabadhi zake ninazo mimi kabatini.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba ameacha asili yake, na mfano wangu ulikuwa chakula chenyewe: ndizi na maharage alivyokuwa akivipenda marehemu. Nashukuru sikuutoa. Ndizi zilitoka Asia. Maharage, mahindi, nyanya na pilipili ni mazao ya Meksiko na majirani zake, yaliyovuka bahari kuja huku baada ya mwaka 1492. Hata Wakorea hawakuijua pilipili kabla ya hapo. Mpunga wetu unaotuletea sifa ni wa Asia, na kakao tunayoianika uani asili yake ni Amerika. Kwa hiyo ndizi na maharage ya kaka yangu yalikuwa ni Asia na Meksiko katika chungu kimoja, na sisi tukiyaita ya mababu. Mwenyeji halisi mezani pale alikuwa usipa, aliyevuliwa ziwani usiku kwa taa.

Zamani kwetu mwanamume alikula na rika lake, si na baba yake. Raha hiyo ya kukaa na wenzako iliitwa ukwangala, na Monica Wilson aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1951. Nilikuwa nikidhani kijana huyu aliomboleza peke yake, au hakuomboleza kabisa. Kumbe alikuwa na rika lake, jikoni kwa Mkorea.

Akakunja chapati ya pili, akanisogezea. Sikumbuki kama nilisema neno. Nilikula. Maji ya kachumbari yalinichuruzikia mpaka kwenye mkono wa shati, naye akanipa kitambaa chake bila kucheka.

Tulipofika nyumbani shemeji yangu alimshika mwanawe mashavu, akamtazama kwa muda mrefu, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka akiba tangu 2016. Kisha akafuta macho, akanigeukia mimi.

"Mmekula huko njiani?"

"Hatujala," nikajibu.

Akaenda kuwasha moto.