Siku Zenye Tarakimu: Ushuhuda wa Mnukuzi wa Mji Mkongwe

Kazi yangu ni kunukuu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Malindi mpaka Mkunazini, zina karatasi za wazee zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za duka, dua, tenzi. Wajukuu hawazisomi tena, kwa sababu skuli waliifahamu herufi ya Kirumi tu. Mimi huzisoma, nikaziandika upya kwa herufi hiyo, na kila ukurasa nikauwekea maelezo yake: nani kauleta, umechakaa wapi, neno gani halijasomeka, lini nirudi kwa bibi mwenye nyumba kumuuliza.

Maelezo hayo nayaweka katika maandishi matupu, ndani ya Emacs, programu ya kuandikia, kwa kutumia Org, sehemu yake ya kupangia maelezo na miadi. Org aliianza Carsten Dominik, mtaalamu wa falaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, mwaka 2003. Mambo yake ni mepesi. Nyota mwanzoni mwa mstari inafanya kichwa cha habari, ufunguo wa TAB unakikunja kichwa na yaliyo chini yake, na tarehe ndani ya mabano inakuwa miadi. Faili lenyewe linabaki herufi tupu, linafunguka kwa programu yoyote, leo na baada ya mimi kufa. Kwa karatasi za amana sikubali chini ya hapo.

Lakini Org ina vituko vyake, na vilivyonishughulisha zaidi ni vile vinavyotokea pale inapokutana na Kiswahili.

Kikubwa kilikuwa cha siku za wiki. Niliiweka kompyuta yangu ya Linux katika Kiswahili cha Tanzania, na tarehe zikaanza kuingia hivi: <2023-03-05 J2 10:00>. Yaani Jumapili, saa nne asubuhi. Kwetu hakuna ajabu, maana kwenye simu sote twaandika J2, J3, J4. Ajabu ilikuwa kwenye ratiba. Miadi ya Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Jumamosi ilikuwa ikipoteza saa, tarehe ikabaki peke yake. Ya Alhamisi na Ijumaa ilikaa sawasawa.

Siku mbili hizo ndizo zilizonipa njia. Kwa ufupisho wa kompyuta ni Alh na Ij, na ndizo pekee zisizo na tarakimu. Nikaenda kwenye kanuni za uandishi wa Org, nikakuta imeandikwa waziwazi: jina la siku ndani ya mabano laweza kuwa herufi zozote za lugha yoyote, ila lisiwe na tarakimu. Programu ikisoma J2 huchukua J, halafu hutazamia nafasi na saa. Ikikutana na 2 huiacha saa iliyobaki. Aliyeweka kanuni ile hakukosea kwa lugha anazozijua. Kiswahili ndicho kinachohesabu siku zake, na kompyuta ikazifupisha kwa hesabu hiyo.

Kabla ya kutoa hukumu nilithibitisha, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Emacs ikiwashwa kwa amri ya emacs -Q huja bila mipangilio yako hata mmoja. Nikaiwasha hivyo, nikafungua faili dogo lenye mistari miwili, mmoja wa J2 na mmoja wa Alh. Tofauti ikaonekana vilevile, kwa hiyo mipangilio yangu haikuhusika. Kisha nikaiwasha tena kwa LC_ALL=C, ambayo huondoa lugha ya mashine. Tarehe mpya zikaja na Sun na Mon, saa zikarudi. Sababu ikawa imebaki moja tu. Dawa ni kuiambia Emacs kwamba system-time-locale iwe "C", na tarehe za zamani kuzibadilisha kwa kutafuta na kuweka upya: J2 ikawa Jpl, J3 ikawa Jtt, na kuendelea. Jina la siku ni pambo. Kinachosomwa ni mwaka, mwezi, tarehe na saa.

Kituko cha pili ni cha mwelekeo. Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, na mimi huweka mstari wa asili juu na nakala yake chini. Emacs imeweza jambo hili tangu toleo la 24.1 la mwaka 2012, kwa kazi kubwa ya Eli Zaretskii. Ila inaamua mwelekeo wa aya nzima kwa herufi ya kwanza yenye mwelekeo, na aya kwake hutenganishwa na mstari mtupu. Mistari miwili ikishikana, wa pili unafuata mwelekeo wa kwanza hata kama hauufai. Acha mstari mtupu kati yao, kila mmoja utakaa upande wake.

Jedwali ni gumu zaidi. Safu mbili za Kiarabu zikikaa jirani, alama inayozitenga haina mwelekeo wake, basi huchukuliwa na majirani na safu zinaonekana zimebadilishana nafasi. Mtu akiona hivyo hukimbilia kuzirudisha kwa mkono, na hapo ndipo anapoharibu kweli, kwa sababu ndani ya faili safu ziko sawa; ni kioo tu kinachozionyesha kinyume. Sogeza kishale herufi moja moja, utaona kinafuata mpangilio wa kweli. Siku hizi kati ya safu mbili za Kiarabu naweka safu ya herufi za Kirumi, na tatizo linaondoka.

Tenzi zina lao. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani nane, nami naandika kila kipande mstari wake. Ukitoa nakala ya kuchapisha bila kuuzungushia ubeti alama za #+BEGIN_VERSE na #+END_VERSE, vipande vyote vinaungana vikawa aya moja, na mwenye utenzi wake akiona hivyo atasononeka. Na jina la picha kama ukurasa_14 hutoka na 14 iliyoshuka chini mithili ya fomula ya kemia; mstari wa #+OPTIONS: ^:{} juu ya faili unatosha.

Hitilafu ya kutisha kwa sura, nyepesi kwa tiba, ni ya matoleo mawili. Emacs huja na Org yake. Ukiweka nyingine mpya, na ile ya zamani ikawahi kupakiwa, zinachanganyika na makosa yasiyoeleweka yanaanza. Andika M-x org-version. Ikikujibu kuwa usakinishaji umechanganyika, ondoa ile mpya, iweke upya kabla hujafungua faili lolote la Org.

Na umeme. Unguja huupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waliokuwepo wanakumbuka giza la Mei na Juni 2008, kisha lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Siku hizi kukatika ni kwa muda mfupi, lakini kompyuta yenye betri mbovu haijali muda. Emacs huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya kubonyeza vitufe 300, au ukitulia kwa sekunde 30, katika faili lenye alama ya # mbele na nyuma. Umeme ukirudi usianze kuandika. Piga kwanza M-x recover-file, ulinganishe, ndipo uendelee. Nimerudishiwa kurasa nzima kwa njia hiyo.

Mambo ya matoleo na ya umeme yamekwisha kuandikwa na wengine duniani, na majibu yake yapo. Ya J2, ya Kiarabu chetu cha Kiswahili na ya vipande vya utenzi si rahisi kuonekana na mtu asiyeandika Kiswahili. Watengenezaji wa Org na Emacs wako mbali, wanajitolea, na husikiliza ukiwapelekea jambo lililo wazi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaonukuu Unguja, Lamu, Mombasa na Maskati: mkiona kituko, msikiache. Kipunguzeni mpaka kiwe faili la mistari michache, kijaribuni kwa emacs -Q, andikeni mlichotarajia na kilichotokea, kisha mkitume kwa amri ya org-submit-bug-report, ambayo hujaza toleo na mipangilio yenyewe. Mipangilio hiyo isomeni kabla ya kutuma, na katika faili la mfano wekeni maneno ya kubuni. Karatasi za watu ni amana, hazitoki nyumbani kwao bila idhini.