Kikombe cha Wageni

Ndugu msomaji, kama umekulia uswahilini unalijua lile kabati la kioo la sebuleni. Juu yake kitambaa cha kufuma, ndani yake vikombe vimepangwa, masikio yote yameelekea upande mmoja kama askari wa gwaride. Na sheria yake ni moja tu: havishikwi. Sisi wenye nyumba tulikunywa chai kwenye vikombe vya plastiki na vya bati. Vya kauri vilikuwa vya wageni. Na mgeni mwenyewe si kila mtu. Ni padri, shehe, mwalimu mkuu, washenga. Jirani aliyekuja kuomba chumvi hakuhesabiwa.

Vya kwetu vilikuwa sita, na visahani vyake sita, na buli moja. Vyeupe, vina maua ya buluu na uzi mwembamba wa dhahabu mdomoni. Vilikuwa vya bibi mzaa mama, mtu wa Kinole, huko juu Uluguru. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, basi na vikombe vilishika njia hiyohiyo: kutoka kwa bibi vikaja kwa mama, na mimi nikawa nasubiri zamu.

Bibi alivipata alipoolewa, mwaka 1974. Kitakoni vina mhuri wa China. Nilipokua ndipo nikasoma kwa nini nyumba nyingi za enzi zile zilikuwa na vyombo vya Kichina. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Sehemu ya gharama za humu ndani ililipwa kwa njia ya pekee: China ilileta bidhaa, zikauzwa madukani, na fedha zake zikaingia kwenye ujenzi. Yaani mtu aliyenunua kikombe cha Kichina siku zile huenda alilipia msumari wa reli bila kujijua. Mimi napenda kuamini kuwa bibi yangu ana msumari wake mahali fulani kule Mlimba.

Mwaka 2011 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Wakati ule ada ya sekondari ilikuwa bado haijafutwa, ilikuja kufutwa 2016. Ya shule ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Utasema ni ndogo. Ongeza dawati, ongeza sare mbili, ongeza michango isiyokwisha, halafu uwe na mama anayeuza ndizi za kupanga foleni. Siku moja nikarudi nyumbani nikakuta kabati tupu. Kimebaki kikombe kimoja, kile chenye ufa kwenye sikio, kwa kuwa mnunuzi alikikataa. Mama hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Jumatatu nilivaa sare mpya.

Hapo ndipo ulipoanzia huu ugonjwa wangu. Nilipoanza kushika vihela vyangu, nikawa siwezi kupita penye mitumba ya vyombo iliyomwagwa chini kwenye turubai bila kuchuchumaa. Washikaji wanatafuta raba, mimi nageuza vikombe kusoma vitako. Nimeokota vya Uingereza vyenye mawaridi, vya Ufaransa vya Arcopal, ile nyeupe inayofanana na maziwa ambayo kumbe ni kioo na wala si kauri. Kijiweni wakanipa jina: Mama Vyombo. Nikacheka nao. Hawakujua kwamba nilikuwa natafuta vitano tu, vyenye maua ya buluu.

Na wala uchu huu si wa jana katika pwani yetu. Pale Kunduchi watu wa kale waliyapamba makaburi ya nguzo kwa mabakuli ya Kichina, wakayapachika kwenye chokaa. Lamu wana vidaka ukutani, vishubaka vya kupangia kauri ili mgeni aone. Kabati la mama ni mjukuu wa vidaka vile, tofauti yake ni kioo na ufunguo.

Ugonjwa wangu wa pili ni hoteli za chai. Sizungumzii hoteli za watalii, nazungumzia zile za benchi na meza ya mbao, sufuria kubwa jikoni, tangawizi imepondwa, iliki na mdalasini vimeshuka kutoka milimani kwetu. Ninayoipenda iko mitaa ya stesheni ya zamani, ile ya reli iliyofika hapa Moro mwaka 1907. Treni ya mwendokasi, tangu ianze kubeba abiria Juni 2024, ina stesheni yake nyingine, na kwa hiyo pale pamepoa. Unaweza kukaa na daftari lako asubuhi nzima, chai moja, chapati moja, milima imejifunika ukungu, mtu asikufukuze. Wazee wanamimina chai kwenye kisahani ipoe, wanaivuta kwa sauti. Hadithi zangu mbili za kwanza nimeziandikia pale.

Mwaka jana, asubuhi ya mvua, chai yangu ililetwa kwenye kikombe cheupe chenye maua ya buluu.

Nilikitazama mpaka chai ikaweka utando. Dhahabu ya mdomoni imefutika, lakini ua lilikuwa lilelile. Nikamwendea mwenye hoteli, mama wa makamo, mikono imejaa unga.

"Shikamoo mama. Hiki kikombe umekitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nilivikuta kwa mtu, zamani. Vilikuwa vitatu, viwili wateja wamevunja."

"Niuzie. Taja bei yoyote."

Akanitazama kama mtu aliyeomba kununua mlango. "Nikikuuzia, mteja atanywea nini?"

Nikapandisha bei. Akacheka, akarudi kwenye chapati zake. "Kama unakipenda, njoo unywe. Nitakuwekea."

Nilikasirika, nasema kweli. Lakini Jumapili ile nilimchukua mama, nikamwambia twende tukanywe chai mjini. Akavaa khanga mpya kama anakwenda shughulini. Sikumwambia kitu. Kikombe kikaja mbele yake.

Mama hakukigusa kwanza. Kisha akamimina chai yote kwenye glasi ya maji, akakigeuza. Nilijua anatafuta nini: bibi alitia kila chombo chake nukta ya rangi ya kucha kitakoni, ili kikiazimwa msibani kisipotee. Mama akasugua kwa kidole. Hakuna nukta.

"Siyo cha mama," akasema.

Akairudisha chai kikombeni, akaongeza sukari, akanywa. Alikunywa taratibu mpaka tone la mwisho. Halafu akasema, huku akipangusa mdomo kwa pembe ya khanga: "Unajua sikuwahi kunywea vile? Nimeviosha miaka yote, lakini kunywea sikuwahi."

Nikamuuliza kama aliumia siku alipoviuza. Akasema aliumia kwa mama yake. Yeye mwenyewe siku ile aliona nafuu: vimefanya kazi hatimaye.

Msomaji, nilikuwa na vikombe kumi na viwili kwenye rafu chumbani, vimepangwa, vimefutwa vumbi, mtu haruhusiwi kuvigusa. Jioni ile ile niliteremsha vyote nikaviosha. Viwili vimeshavunjika tangu hapo, kimoja alikivunja jirani, yule wa chumvi. Mama anatumia kile cha ufa. Kinavuja kidogo kwenye sikio, anakikingia kisahani, na chai inayodondoka anainywa pia.

Ukipita Moro, karibu. Usije na uoga wa kuvunja.