Baiskeli, Baibui na Haki ya Njia



Wengi wenu mnanijua kwa magauni ya nikaha, na wengi mmeniomba niandike namna ya kushona baibui la kupandia baiskeli. Nitaandika, inshallah, lipo mwishoni. Lakini kwanza nitawapitisha barabarani, mnivumilie.

Mie naishi Tanga. Anayeijua Tanga anajua kuwa huu ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, imenyooka kama mstari wa chaki juu ya kitambaa. Asubuhi utamkuta mwalimu, muuza samaki na mama anayempeleka mwanawe madrasa, kila mmoja juu ya baiskeli yake. Wanawake wa baibui wamo pia. Wageni kutoka bara hushangaa, sisi tumezaliwa tukaona hivyo.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea. Nikasoma ushonaji, nikaanza kazi barazani kwa mama nikiwa na cherehani ya kuazima na baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele. Ile baiskeli ndiyo iliyonifanya mfanyabiashara. Fundi hatoki mara moja. Unakwenda kununua uzi, unarudi. Unampelekea mteja nguo aijaribu, unarudi nayo kupunguza kiuno. Kila safari ukilipa bajaji, faida ya nguo imeishia njiani. Na kwa bodaboda nina jambo jingine, ambalo dada zangu mtanielewa: kwenye baiskeli yangu sikai mgongoni kwa mwanaume asiye maharimu wangu. Naondoka kwa stara yangu na narudi kwa stara yangu.

Mola akanijaalia, nikapata chumba cha kazi na mabinti wa kuwafundisha. Nikajiwekea desturi kuwa binti akitimiza mwaka namnunulia baiskeli, naye ananilipa kidogo kidogo. Nilijiona natoa heri.

Mwaka juzi, Alhamisi moja baada ya laasiri, nilimtuma mmoja wao apeleke gauni la nikaha ya Ijumaa. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwenyewe kachumbiwa, amebakiza miezi minne. Alipita barabara moja ya lami ambayo sitaitaja. Gari lilimpita kwa karibu mno, na mbele yake ikatokea bodaboda. Akasogea pembeni, na pembeni hapakuwa na pembeni. Aliangukia kwenye mtaro mguu ukiwa chini ya baiskeli, ukavunjika juu ya kifundo.

Gauni tulilikuta kwenye tope. Usiku ule nilikuwa nusu hospitali, nusu kwenye cherehani. Tulilitoa sketi yote tukashona nyingine, na alfajiri bi harusi akavaa bila kujua. Nilimwambia baada ya fungate.

Pale hospitali kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa na neno moja: baibui. Baibui limeingia kwenye cheni. Mama mtu alisema hivyo, jirani akasema hivyo, na upande wa mchumba wakasema hivyo. Wakaongeza kuwa baada ya ndoa mambo ya baiskeli basi. Nami nilinyamaza, kwa sababu baibui lile nililishona mimi. Nilirudi nyumbani na mawazo kwamba mkono wangu ndio uliomvunja mguu mtoto wa watu.

Baada ya siku tatu nikalitoa lile baibui kwenye mfuko nikalitandaza juu ya meza ya kukatia. Mie ni fundi. Nguo iliyoliwa na cheni naijua: huwa na grisi nyeusi, alama za meno ya giya, na kitambaa huwa kimetafunwa. Nilipitia pindo lote kwa vidole, mbele na nyuma. Lilikuwa zima. Palipokatika ni pale tu walipokata kwa mkasi ili waufikie mguu, mkato ulionyooka. Cheni haikugusa kitu.

Nikachukua futi kamba yangu nikaenda barabarani. Msinicheke. Niliingoja saa ambayo magari ni machache nikapima. Usukani wa baiskeli yangu una upana wa sentimita 58. Kutoka ukingo wa lami mpaka mdomo wa mtaro, pale alipoangukia, nilipata sentimita 40. Nilipima mara mbili. Ile barabara ilikuwa kama nguo iliyokatwa bila kumpima atakayeivaa. Walipimwa wenye magari, sisi hatukuitwa.

Nisije nikawa mkosefu wa shukrani. Kuanzia mwaka 2010 Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa kwenye ule mradi wa miji mkakati, TSCP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi huo ulijenga barabara za lami na mitaro. Lami ni neema. Anayekumbuka vumbi na madimbwi hawezi kuikataa, na mtaro unaopitisha maji ya masika ni neema pia. Lakini lami ikinyooka gari hukimbia, na mwenye baiskeli anabaki kwenye ukingo ule ule. Neema ya mmoja isiwe mtihani wa mwingine.

Basi nikaanza kuuliza barabara inapangwa wapi. Nawaeleza na nyinyi wa Bara, maana sikuyajua haya mpaka yaliponifika. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaani, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Lakini ombi la mwananchi huanzia mtaani: mkutano wa mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ukija na ombi lako mwezi wa Mei, ni kama bi harusi anayeleta vipimo wakati gauni limeshakatwa.

Nilikwenda mkutano wa mtaa na wanawake watano. Nilisimama nikaeleza mguu, mtaro na zile sentimita. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akauliza kwa upole kabisa: "Kwani binti zangu, mwanamke ana ulazima gani wa kupanda baiskeli?"

Mie si mwanachuoni, nilichonacho ni cha darsani. Nikamkumbusha kuwa Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwasifu wanawake wa Kikureshi katika wale wapandao ngamia. Nikamwambia kuwa hata Saudia waliruhusu wanawake kupanda baiskeli mwaka 2013, ingawa kwa masharti. Mzee akatikisa kichwa, hakuridhika. Ndipo jirani yangu, mama muuza vitumbua, akasimama. "Mzee wangu," akasema, "mume wangu ameniachia watoto watatu. Nawasomesha kwa vitumbua, na vitumbua havina miguu." Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia.

Kucheka kulipokwisha, nikasema lililokuwa moyoni. Tumefundishwa kuwa njia ina haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tumefundishwa kuwa kuondoa cha kudhuru njiani ni tawi la imani. Husimuliwa kuwa Sayyidna Umar, radhiya Allahu anhu, alihofu kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraki kwa kuwa hakutengenezewa njia. Ikiwa Amiri wa waumini alihofu kwa ajili ya mnyama, sisi je, kwa binti aliyebeba gauni la watu?

Tuliomba mambo manne: mtaro ufunikwe pale penye wembamba, pawekwe matuta karibu na shule, taa ziwake, na barabara itakapofanyiwa matengenezo makubwa itengwe njia ya baiskeli pembeni. Yote yakaandikwa kwenye muhtasari. Nikaomba nisomewe kabla ya kuondoka, nikasomewa.

Kuna aliyeniambia kwamba njia ya baiskeli ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro, zilijengwa pamoja na njia za mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, na chama cha waendesha baiskeli wa huko, UWABA, kimekuwa kikiwasemea watu wake. Nimepita huko nikaona na kasoro: bodaboda zimeingia humo, na biashara zimepangwa humo. Kwa hiyo njia haitoshi kujengwa, inataka na wa kuilinda. Sisi Tanga tuna nafuu moja, baiskeli tunazo tayari. Hatuombi watu wafundishwe kupanda, tunaomba wanaopanda wafike.

Mkutano uliofuata nilimwona mtu sikumtegemea. Alikuwa yule mchumba, ambaye wakati huo alishakuwa mume. Nilikuwa nimemnunia tangu hospitali, nikimwona ndiye aliyemkatia binti riziki. Alikaa nyuma kabisa. Ilipofika zamu ya maoni akanyanyua mkono, akasema: "Mke wangu ni fundi. Watu wanasema nimemkataza baiskeli. Mie sikumkataza baiskeli, nilimkataza barabara ile. Ikitengenezwa nitamshikia baiskeli mwenyewe." Kisha akakaa. Niliona haya, wallahi. Miezi yote ile nilimhukumu mtu bila kumuuliza.

Hali leo iko hivi. Mbele ya shule mtaro umefunikwa kwa zege, kipande cha hatua kama mia mbili, na matuta yamewekwa. Watoto wanapita juu ya ule mfuniko na baiskeli zao. Pale alipoangukia bado pako wazi. Njia ya baiskeli haijaja. Binti amepona, anachechemea kidogo akichoka, na anakuja kazini kwa bajaji siku tatu badala ya sita, kwa sababu nauli inamla. Baiskeli yake ipo kwangu, naipaka mafuta. Sijamwambia arudi kuipanda, na sitamwambia mpaka pale pafunikwe. Ombi letu tumelirudisha tena mwaka huu, mapema.

Sasa baibui, kama nilivyoahidi. Kitambaa kiwe kizito kidogo, kisichoteleza wala kupeperuka. Vipimo vichukuliwe ukiwa umekaa juu ya baiskeli, si umesimama, maana goti likipanda pindo hupanda nalo. Kuanzia magotini ongeza panda kila upande, ili mguu uzunguke bila kuvuta nguo. Mikono itiwe lastiki kwenye kiganja. Ndani vaa suruali pana ya kitambaa hicho hicho, iliyokusanywa kifundoni. Mtandio ubane kwa pini, ncha zisining'inie. Kisha nenda kwa fundi baiskeli akuwekee kava ya cheni na neti pande mbili za tairi la nyuma. Ni kazi ndogo na inakupa amani.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, kabla ya nikaha mnazungumza mahari, nyumba na masomo. Zungumzeni pia utakwendaje kazini. Usiulize tu kama atakuruhusu. Muulize anahofia nini, umsikilize. Huenda anachohofia ni kitu ambacho mnaweza kukipeleka kwenye mkutano wa mtaa mkiwa wawili.

Dada zangu, huwa tunaambiwa mikutano ya mtaa ni ya wanaume. Mlango hauna bawabu. Nenda na shoga yako, nenda na futi kamba yako ukipenda, na uhakikishe ulilosema limeandikwa. Sisi ndio tunaozijua njia hizi, kwa kuwa tunazipita na watoto mgongoni na riziki kwenye kikapu.

Allah atulinde majumbani na njiani, na awalipe heri wote wanaoondoa cha kudhuru. Amin.